Laptopu imezima, na waranti imeisha juzi: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Laptopu ikiharibika mwezi wa nne tangu inunuliwe, mwenyewe anafika mezani kwangu kafura, risiti mkononi. Ikiharibika mwezi wa kumi na tatu anafika mdogo mdogo, kaibana kwapani kama kuku aliyefia njiani. "Fundi, waranti imeisha wiki tatu tu zilizopita." Natengeneza kompyuta hapa Mwanga, Kigoma, na sentensi hiyo naisikia kiasi kwamba wengine naimalizia mwenyewe.

Watu wanaamini ndani ya mashine kuna kalenda. Sisemi wenye viwanda ni malaika, lakini ukweli ni wa kawaida zaidi: mwaka mmoja wa kuchajiwa kila siku, kufunguliwa na kufungwa mara kumi kwa siku, na kumeza vumbi la kiangazi ndio muda ambao betri, bawaba na feni zinaanza kusema.

Waranti ikiisha, mlango wa muuzaji unarudishiwa, haukomewi. Na mlango mwingine unafunguka: hakuna tena wa kukukataza kufungua mashine yako. Shida ni kwamba huwezi kuipita milango yote miwili kwa mpigo. Ukishang'oa skrubu ya kwanza, muuzaji ana sababu ya kukwambia "imeshachezewa". Kwa hiyo uliza kwanza, fungua baadaye. Wanaokuja kwangu wengi wamegeuza mpangilio huo.

Kabla ya bisibisi

Hakiki tarehe upya. Chini ya laptopu kuna kibandiko chenye siriali namba. HP, Dell na Lenovo wana ukurasa wa kuingiza namba hiyo ukaoneshwa waranti inaisha lini. Mara nyingi tarehe hiyo imehesabiwa tangu mzigo ulipotoka kwao, si siku uliyolipa wewe. Laptopu inaweza kukaa rafuni Dar es Salaam miezi kadhaa, ikapanda basi mpaka Kigoma, ikakaa rafuni tena. Ukiwa na risiti yenye tarehe ya ununuzi, omba tarehe irekebishwe. Miezi miwili mitatu inaweza kurudi.

Hiyo risiti sasa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, haina wino. Karatasi imechomwa kwa joto, na ikikaa kwenye pochi au ndani ya gari juani inafutika yenyewe. Ipige picha leo. Kama imeshafifia lakini namba ya uhakiki bado inasomeka, ukurasa wa TRA, mamlaka ya mapato, wa kuhakiki risiti utakuonesha nakala yake.

Tazama pia kama aina ya mashine yako imeitwa na kiwanda irudishwe. Kuna makosa ambayo kiwanda chenyewe hukiri, kikatengeneza bure hata kwa mwenye waranti iliyokwisha. Januari 2018 HP ilianza kuita zirudishwe betri za baadhi ya laptopu zake kwa hatari ya moto. Juni 2018 Apple ilitangaza kutengeneza bure kibodi za baadhi ya MacBook hadi miaka minne tangu iuzwe mara ya kwanza, na Juni 2019 ikaita betri za baadhi ya MacBook Pro za inchi 15 zilizouzwa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017. Ingiza siriali namba yako kwenye tovuti ya kiwanda, ni dakika tano.

Halafu mpigie muuzaji. Hapa watu wengi hukosea kwa kuanza na ukali au kwa kuanza na unyonge. Mama mmoja wa Ujiji alikaa kwenye benchi langu akampigia aliyemuuzia, kijana wa Kariakoo, simu ikiwa spika:

"Mwanangu, hujambo?"

"Shikamoo mama. Sijambo."

"Marahaba. Ile mashine uliyoniuzia mwaka jana imekataa kuwaka. Najua mwaka umepita, umepita kwa siku kumi na tisa. Ila mwezi wa pili nilikwambia inajizima, ukasema niiangalie angalie. Ujumbe wangu ninao hapa."

Kimya kidogo. "Itume mama tuitazame. Mtu asiifungue."

Nilirudisha bisibisi yangu kwenye kopo. Hakulipa ufundi, alilipa nauli ya basi tu. Kilichomsaidia ni ule ujumbe wa mwezi wa pili: tatizo lililolalamikiwa waranti ikiwa hai halifi kwa sababu muuzaji alichelewa kulishughulikia. Kama una ujumbe wa namna hiyo, anza nao.

Akikataa kabisa, ujue kwamba karatasi ya waranti siyo kinga yako pekee. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 zinazungumzia ubora wa kitu kinachouzwa, na malalamiko ya mlaji hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kwa laptopu ya bei ndogo safari hiyo inaweza kukugharimu muda kuliko mashine yenyewe. Kwa mashine ya milioni mbili, andika barua.

Umeuliza pande zote, umekataliwa? Basi tuingie kazini.

Dalili: haiwaki kabisa, hata taa haionekani

Hii ndiyo inayowapa watu presha na ndiyo ambayo mara nyingi huisha kwa kitu kidogo. Vyanzo, kuanzia kile ninachokikuta mara nyingi:

1. Waya wa kutoka ukutani mpaka kwenye chaja. Huo waya unachomoka. Azima wa laptopu nyingine ujaribu. Plagi ya miguu mitatu bapa huwa na fyuzi ndogo ndani, na ikikatika chaja nzima inaonekana imekufa. Jaribu pia soketi nyingine, bila ekstensheni.

2. Chaja yenyewe. Soma kibandiko chake: nyingi za laptopu ndogo hutoa volti 19 au 19.5 na wati 45 au 65. Ukiazima, volti ziwe zilezile, na ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Mdomo kuingia vizuri si ushahidi kwamba chaja inafaa. Dell nyingi zina sindano katikati ya mdomo inayoitambulisha chaja kwa mashine. Ikipinda, mashine inaweza kuwaka lakini ikagoma kuchaji.

3. Umeme ulioganda ndani. Chomoa chaja, chomoa betri kama inachomoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia kwa sekunde 30 hadi 60. Rudisha chaja, washa. Watu hunicheka nikiwaambia hivi kwa simu, halafu wananipigia tena baada ya dakika mbili wakiwa wapole.

4. Tundu la kuchajia limelegea. Chaja inashika ukiisukuma upande mmoja tu. Usiendelee kuitafutia mkao: cheche ndogo za pale ndani ndizo zinazochoma bodi, yaani ubao mkuu unaobeba vifaa vya mashine. Kwenye mashine nyingi tundu hilo ni kipande chenye waya wake, kinabadilishwa peke yake. Kwenye nyingine limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

5. Bodi. Iko mwisho kwa makusudi. Mwalimu mmoja alishaambiwa mahali "bodi imeungua, laki mbili na nusu", akaja kwangu kutafuta bei ya chini. Nilimbadilishia fyuzi ya plagi. Aliiwasha mara tatu, akaizima mara tatu, ndipo akaamini.

Simama hapa: ukisikia harufu ya kuungua, au sehemu moja ya chini inachoma mkono wakati mashine haijawaka, chomoa kila kitu na usijaribu "mara ya mwisho". Kila jaribio linaongeza sehemu iliyoungua.

Neno kuhusu umeme wetu. Mji huu uliendeshwa kwa majenereta miaka mingi kabla ya gridi ya taifa kutufikia, na tabia ya kuogopa umeme kukatika imebaki. Kukatika kwenyewe hakuna neno, betri ipo. Kinachoua chaja ni kurudi. Umeme ukikatika chomoa, na ukirudi subiri dakika chache uone taa zimetulia. Mvua zikianza, radi za huku nazo hazihitaji maelezo: chomoa ukutani, kuzima swichi hakutoshi.

Dalili: inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi

Zima taa za chumba, washa tochi ya simu, imulike juu ya kioo kwa pembe. Ukiona maandishi hafifu kama ya kivuli, mashine nzima ni salama, ila mwanga wa nyuma wa kioo ndio umezima. Hapo tatizo ni kioo au waya wake, hasa kama picha hurudi ukiinua kifuniko hadi mkao fulani. Waya huo hupita kwenye bawaba, na nitarudi kwake.

Usipoona kitu, unganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye TV, unaweza kufanya kazi leo na kutengeneza wiki ijayo. Jaribu pia kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huamsha upya programu ya picha, na kama mashine ilikuwa imelala vibaya, itazinduka.

Hata TV ikibaki tupu, tazama taa. HP huwa inapepesa taa ya Caps Lock au ya kuwashia kwa hesabu maalumu. Dell hupepesa taa ya betri kwa rangi ya chungwa na nyeupe. Hiyo ni lugha, inataja kifaa kinacholalamika. Irekodi kwa video ya simu na uihesabu polepole, kisha linganisha na mwongozo wa kiwanda. Nimeona watu wakilipia kioo kipya wakati taa ilikuwa ikipiga kelele kwamba RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, haionekani.

Na RAM ndiyo ninayoishuku kwanza. Unyevu wa ziwa, kubebwa kwenye bodaboda, joto na baridi, ikalegea kidogo. Kama umeshakubaliana kufungua: ondoa chaja, fungua kifuniko cha chini, chomoa waya wa betri kabla ya kugusa kingine chochote, gusa chuma utoe umeme wa mwili. Achanisha vibanio viwili vya pembeni, RAM itanyanyuka yenyewe. Sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa makombo yote, irudishe kwa mshazari kisha ilaze mpaka vibanio vilie tik. Kuna laptopu nyembamba ambazo RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ukifungua usione kitu cha kuchomoa, funga.

Dalili: betri haijai, au inaisha haraka

Kama inaishia asilimia 80, au hata 60, kila siku palepale bila kuzidi, betri ni nzima. Kuna mpangilio wa kulinda betri unaozuia isijae, na mara nyingi huwashwa na programu ya kiwanda au na mtoto aliyekuwa akibofya bofya. Uzime kwenye programu ya kiwanda iliyomo humo.

Kama inaisha haraka, fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Litaundwa faili la kufunguliwa kwa kivinjari. Linganisha uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ikiwa imebaki nusu ndani ya mwaka mmoja, piga picha ya ukurasa huo kabla hujampigia muuzaji, maana ni ushahidi asioweza kuubishia. Ila kumbuka wauzaji wengi wanaipa betri waranti fupi kuliko mashine.

Betri iliyovimba ni habari nyingine kabisa, na ni hapa tu nitakapokaripia. Dalili zake: kipanguso cha kidole (tachipadi) kimeinuka au hakibonyezeki, laptopu ikiwekwa juu ya meza bapa inacheza kama meza ya miguu mitatu na nusu, mfuniko wa chini umeachana. Zima. Chomoa chaja. Usiibonyeze irudi, usiitoboe "kutoa gesi", usiichaji hata kama unamalizia ripoti. Iweke juu ya sakafu ya saruji au ndani ya sufuria yenye mchanga, mbali na godoro na pazia, mpaka ufike kwa fundi. Na ikishatolewa isiende kwenye shimo la taka la nyumbani, kwa sababu shimo hilo huchomwa moto jioni. Sitengenezi betri iliyovimba. Naitoa na kuweka mpya, na anayekwambia ataifufua kwa bei nafuu mwache aifufulie kwake.

Dalili: inapata moto, feni inalia, inajizima katikati ya kazi

Vumbi, kisha vumbi, na mwisho vumbi. Kuanzia Juni mpaka Septemba barabara za mitaani huku hunyanyuka zikaingia ndani ya kila kitu, na feni ya laptopu ni kama mtu anayevuta pumzi mdomo wazi mchana kutwa. Nimefungua mashine ya mwaka mmoja nikatoa kwenye matundu ya kupoozea blanketi dogo la rangi ya udongo, limeshikana vizuri kama limefumwa. Prosesa, ubongo wa mashine, ikikaribia nyuzi 100 mashine inajizima yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo kuzima huko ni kinga.

Hatua rahisi kwanza: iondoe juu ya kitanda na mto, iinue nyuma kwa vizibo viwili vya chupa, uone kama inakaa muda mrefu zaidi. Ikikaa, umepata jibu.

Kisha isafishe. Zuia panga za feni kwa kijiti cha meno zisizunguke, ndipo upulize. Feni ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaharibika. Na usiipeleke kwa wajaza upepo wa matairi. Kompresa zile hutoa maji na mafuta pamoja na upepo. Brashi laini na blowa ndogo zinatosha. Ikibaki moto baada ya usafi, krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma inahitaji kubadilishwa, na hapo skrubu zina mpangilio wa kufungua na kukaza ulioandikwa namba. Kama hujawahi, usianzie kwenye mashine unayoitegemea.

Dalili: bawaba inakatika, kona ya kifuniko inaachana

Hii inaniuma kidogo kwa sababu nilishaiharibu mwenyewe. Zamani, kabla sijawa na meza, laptopu yangu ilianza kulia krak kila nikifungua. Nikachukua gundi ile ya haraka ya kubandika viatu, nikatia matone mawili. Gundi ikateremka ndani ya bawaba, bawaba ikaganda, asubuhi nikafungua kwa nguvu na kioo kikapasuka kutoka kona mpaka kona. Bawaba peke yake ingeniuma, kioo kiliniliza.

Kinachotokea ni hiki. Bawaba ni chuma kigumu. Imeshikiliwa na skrubu zinazoingia kwenye vinati vidogo vya shaba, na vinati hivyo vimezamishwa kwenye plastiki tu. Bawaba ikikaza kwa vumbi, au mtu akizoea kufungua kwa kushika kona moja, nguvu yote inaishia kwenye plastiki, na vinati vinang'oka kama jino. Wauzaji hukiita "kuvunja mwenyewe", hata kama hukuwahi kuiangusha. Kama ina mwaka mmoja na haina alama ya kuanguka, piga picha za kona zote nne za nje ndipo ubishane.

Cha kufanya leo: acha kuifungua na kuifunga. Iache wazi, tumia hivyo. Kila mara unapoifunga unakata waya wa kioo niliousema juu. Matengenezo ya kweli ni mawili: kubadilisha ganda, au kurudisha vinati kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili na kuiacha ikauke siku nzima. Lakini fundi asipolegeza na bawaba yenyewe, epoksi nayo itang'oka na kipande kikubwa zaidi. Muulize swali hilo mbele ya meza: "Na hinji utailegeza?" Akisita, umemjua.

Dalili: nzito mno, inaganda, au inasema haioni diski

Neno moja kabla ya lolote: mafaili. Kama mashine bado inawaka japo kwa kusuasua, nakili sasa hivi vitu vyako kwenye flashi au diski ya nje. Usianze na kusafisha wala na programu ya kuharakisha. Na usikubali "kupiga Windows", yaani kuifuta na kuiweka upya, kabla hujanakili. Najua ni tabia yetu mafundi. Mteja akisema nzito, mkono unaenda wenyewe kwenye flashi ya Windows. Diski inayokufa ikiandikwa upya inakufa kabisa, pamoja na picha za harusi.

Diski ya zamani ya kuzunguka hulia tik tik kabla ya kufa, angalau inaaga. SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, haiagi. Jana ipo, leo mashine inakwambia hakuna kifaa cha kuwashia. Ikitokea, ingia kwenye BIOS, programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows, uone kama jina la diski lipo. Kama lipo, huenda ni Windows tu iliyovurugika. Kama halipo, fungua uichomoe na kuirudisha. Ikiendelea kutoonekana na ndani kuna kazi ya thamani, usimpe kila mtu ajaribu.

Laptopu nyingi zenye Windows 11 hufunga diski kwa ufunguo wa BitLocker bila mwenyewe kujua. Siku bodi ikibadilishwa, au BIOS ikiguswa, mashine itakuomba tarakimu 48. Huwa zimehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili. Na hapo ndipo mtu anagundua kwamba akaunti ilifunguliwa na kijana wa dukani, kwa barua pepe asiyoijua. Tafuta ufunguo huo ukiwa bado mashine inawaka, uandike kwenye daftari. Fundi hawezi kuukisia, na anayedai anaweza atakurudishia mashine tupu.

Kama uzito ni wa mashine nzima ya bei ya chini yenye RAM ya GB 4, hiyo haijaharibika, ndivyo ilivyouzwa. Na ikiwa bado ina Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Dalili ndogo ndogo

Kishale kinarukaruka ukiwa unachaji, kinatulia ukichomoa: chaja ya bandia, au soketi isiyo na waya wa ardhi, au inveta ya bei ndogo ya sola. Wateja wanaotoka vijiji vya mwambao huko kusini, wanaochajia sola, huniletea hii sana. Ukipapasa mwili wa chuma ukahisi kama unatekenywa, ni mambo hayohayo. Azima chaja halali kabla ya kununua kitu.

Chai au maji yamemwagika: zima kwa kubonyeza kitufe mpaka ife, chomoa chaja, igeuze kama hema, mdomo chini. Mchele ni wa kupika, usiuzike laptopu humo. Usiianike juani, usiipulize kwa mashine ya nywele. Ifike kwa fundi siku hiyohiyo, kwa sababu chai ya maziwa yenye sukari haikauki, inaganda na kutafuna bodi. Zinazoletwa baada ya wiki ya "kukausha" ndizo ngumu kuliko zote.

Vitufe vichache havibonyezeki bila kumwagikiwa kitu: geuza, kung'uta. Sisimizi wapo.

Kama lazima iende kwa fundi

Kabla hujaikabidhi, andika au piga picha ukurasa unaoonesha RAM ni GB ngapi na diski ni ya ukubwa gani. Piga na picha ya siriali namba. Toa neno lako la siri kwa fundi ikiwa tu kazi inalihitaji, na ulibadilishe baadaye. Elewaneni bei ya kuchunguza kando na bei ya kutengeneza, na iwe wazi kwamba hakuna kinachobadilishwa kabla hujapigiwa simu.

Kifaa kisipopatikana Kigoma, agiza kifaa kije, usitume mashine iende. Safari ya Dar es Salaam kwa basi ni ndefu na mizigo hupangwa juu ya mizigo. Lakini usiagize kwa jina la laptopu peke yake. Mashine zenye jina moja zinaweza kuwa na vioo tofauti, kimoja kina mdomo wa pini 30, kingine pini 40. Fundi afungue, asome namba iliyo mgongoni mwa kifaa chenyewe, hiyo ndiyo itumwe kwa picha. Kama hakuna budi mashine isafiri, toa diski ubaki nayo, ifunge kwa sponji pande zote, na usiiweke chaja juu ya kioo.

Siku ya kuichukua usilipe ukiwa umesimama. Kaa. Iwashe kwa betri, kisha kwa chaja. Jaribu matundu yote ya USB, kamera, sauti, WiFi. Iache iwake nusu saa ukiwa hapohapo. Fungua ule ukurasa wa RAM na diski, ulinganishe na picha yako, maana GB 8 zilizoingia zikatoka 4 si jambo la hadithi. Halafu omba kifaa cha zamani kilichotolewa. Ukiambiwa kimeshatupwa, uliza kimetupwa wapi.